Wasomaji wa Norwe

Modesti alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu watu asiowajua. Asubuhi, kabla hajanawa uso, alichomeka modemu kwenye kompyuta, akakaa kitandani na blanketi mabegani, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa Juni haina mchezo, akasubiri ukurasa wa takwimu ufunguke. Ulifunguka kwa kujivuta. Mkewe Bertilla, ambaye saa hiyo alikuwa ameshakoroga uji wa ulezi na kukaanga maandazi ya kuuza barabarani, alimsikia akinung'unika au akichekelea, na kwa sauti hiyo akajua siku ya nyumba yao itakuwaje.

Blogu yenyewe aliipa jina la Upepo wa Ufipa. Aliifungua baada ya redio ya mjini kupunguza watu na kuwaambia waandishi wa kujitegemea kwamba watapigiwa simu wakihitajika. Hakupigiwa. Ilikuwa miaka ile ya kila kitu kufunguliwa: mahindi yananunuliwa na yeyote mwenye lori, minara ya simu inaota kwenye kila kilima, na mwenye kompyuta akiamka vizuri anajiita mhariri. Modesti akajiita mhariri. Mwanzoni aliandika mambo ya maana, tena aliandika vizuri, Bertilla hakumnyima hilo. Aliandika jinsi barabara ya kushuka Muze inavyokwamisha malori masika, na mbegu zilizogoma kuota Mwazye, na wakulima na wafugaji wanavyogombania maji kule Mtowisa. Takwimu zikamwambia amesomwa na watu kumi na wawili, na yeye mwenyewe akiwemo.

Kisha siku moja, kwa kuchoka tu, akaandika kisa cha mtu aliyetumiwa radi kwa sababu ya kuku. Kisa cha vijiweni, kisicho na kichwa wala miguu. Takwimu zikaruka. Nchi hii inajua jambo moja tu kuhusu Sumbawanga, na sisi wa huku tumelizoea kama tulivyozoea baridi: ukiwa ugenini ukataja kwenu, mtu anaurudisha mkono wake mfukoni huku anacheka, eti usije ukamroga. Tunacheka naye. Lakini Modesti alizaliwa hapa, mama yake amezikwa hapa, na yeye ndiye aliyekaa chini akawapikia watu wale wale uongo ule ule waliouzoea.

"Mama Steven, njoo uone," alimwita mkewe asubuhi moja. Steven alikuwa mtoto wao, yupo shule ya bweni. "Njoo uone wanaonisoma."

Bertilla akaja na mwiko mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya nchi. Tanzania ilikuwa na watu wanane. Juu yake, kwa mbali sana, ilikaa Norwe.

"Norwe ni wapi?"

"Ulaya. Kwenye barafu." Modesti alikuwa anameremeta. "Mia mbili na kitu, jana tu. Hawa lazima ni wajukuu wa wazungu waliowahi kukaa huku. Wamejifunza Kiswahili kwa babu zao."

"Na watu wa hapa?"

"Watu wa hapa wana kompyuta? Wa hapa hawasomi, mama Steven. Hilo nimelithibitisha kwa takwimu."

Toka siku hiyo aliandika kama mtu anayesema na watu walio ng'ambo ya bahari, wasioweza kumjibu wala kumwuliza. Akanunua na koti. Akampelekea takwimu zake Kornel, mwenye duka la pembejeo karibu na soko, amwombe tangazo. Kornel akazitazama, akamrudishia. "Mwalimu, Norwe hawanunui dawa ya mahindi kwangu. Lakini endelea. Zikipanda zaidi tutaongea." Modesti hakuwa mwalimu, ila Kornel alimwita mwalimu kila mtu aliyetaka kumkatalia kwa heshima.

Mama yake Bertilla, bibi Kristiana, alipanda kutoka Muze, kule bondeni, baada ya mavuno. Macho yalikuwa yanamsumbua, kope zimejikunja kwa ndani zinakwaruza mboni, na hospitali ya mjini ilikuwa na daktari wa kuzigeuza. Alikuja na kibuyu cha asali, mchele, na aibu ya mtu anayekwenda kukaa kwa mkwe. Hakukaa sebuleni Modesti akiwepo. Alikula jikoni na binti yake. Mchana alitandika mkeka uani kwenye jua, akachambua maharage kwa kuyapapasa, machozi yakimtoka yenyewe.

Alhamisi moja Bertilla alirudi kutoka barabarani akamkuta mama yake amevaa kitenge chake kipya cha kanisani, siku ya kazi, na kilemba amefunga vizuri.

"Mkwe amenipiga picha," bibi Kristiana alimwambia kwa Kifipa. Alikuwa na furaha ya kitoto. "Ya kumpelekea daktari. Ana moyo mwema huyu kijana, sikujua."

Bertilla naye akafurahi. Usiku ule alimwekea mumewe kipande kikubwa cha nyama, na jambo hilo la nyama ndilo baadaye lililomchoma kuliko mengi.

Mteja wa kwanza kutoonekana alikuwa Malimi. Huyu ni dereva wa bodaboda, Msukuma ambaye wazazi wake wana ng'ombe kule Mtowisa, na hakuna asubuhi aliyowahi kupitisha bila vikombe viwili vya uji wa Bertilla. Asubuhi ile alisimamisha pikipiki ng'ambo ya barabara, akaagiza chai kwa mama mwingine. Bertilla akampungia. Malimi akainamisha kichwa, akajifanya anakagua mnyororo.

Kesho yake walipungua wengine. Kesho kutwa yake alirudi nyumbani na maandazi karibu yote, na uji umeganda kwenye ndoo. Akafikiri labda amezidisha chumvi. Akabadilisha unga. Akasugua vikombe kwa mchanga mpaka vikang'aa. Alipokutana na Malimi ana kwa ana dukani, akamwuliza wazi:

"Shemeji, uji wangu una nini?"

"Hauna kitu, shemeji. Tumbo tu halijakaa sawa."

"Tumbo lako linakubali uji wa yule mwingine?"

Malimi akatazama viatu vyake. "Shemeji, mimi nina watoto wadogo," alisema, akaondoka bila kuchukua chenji.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya. Wakatoliki wa mtaa ule husali nyumba kwa nyumba, kila wiki kwa mwingine, na mtu huweza kukosa misa lakini zamu yake ya jumuiya haikosi. Bertilla aliosha sakafu, akaazima mabenchi, akatandika kitambaa cheupe mezani, akaweka msalaba na mshumaa. Bibi Kristiana alikaa kwenye kiti pembeni, amevaa kitenge kile kile, rozari mkononi. Modesti alikuwa kwenye kompyuta chumbani.

Saa ya sala ikafika, ikapita. Mshumaa ukapungua. Mara wakasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa mwanzo, wanauimba kila wiki, na ulitoka nyumba ya tatu, kwa mama Bertha, mwenyekiti wa jumuiya. Sauti zilikuwa nyingi. Wote walikuwepo.

"Wamekosea nyumba?" bibi Kristiana aliuliza.

Bertilla alipuliza mshumaa, akatoka. Hakufika kwa mama Bertha. Debora, msusi wa mtaa, alikuwa amesimama mlangoni pa saluni yake, mikono kifuani, kama aliyekuwa anamsubiri.

"Usiende, dada," Debora alisema. "Utajiumiza bure. Ingia ndani."

"Nimewafanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu. Ingia."

Debora alitoa simu yake, zile ndogo za Kichina zenye vitufe vilivyofutika namba, akabonyeza, akasubiri, akampa. Kioo kilikuwa kidogo kuliko kiganja lakini sura ya mama yake ilienea yote. Kilemba cha kanisani. Macho mekundu yanayotiririka. Juu yake maandishi: BIBI WA BONDE LA RUKWA ANAYELIA DAMU, SIRI NZITO YAFICHUKA. Chini yake, kwa Kiswahili kile kizuri cha mumewe, kulikuwa na habari ya kikongwe asiyetajwa jina, ambaye kila anayemfanya msukule humwongezea wekundu machoni, na ambaye sasa "amejisogeza mjini".

Bertilla alisoma mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena, kwa sababu akili ilikuwa inakataa.

"Nani ana hii?"

"Nani hana?" Debora alisema. "Inasomwa stendi, inasomwa sokoni, wateja wangu wanasoma wakiwa kwenye draya. Muze pia wanayo. Shangazi yangu kanipigia kutoka huko kuniuliza kama ni yeye yule."

Bertilla alikaa. Kijiji jirani na Muze mwaka uliopita walimchomea nyumba bibi mmoja mjane, kwa macho kama haya haya, na hao waliochoma walikuwa wamemwamkia shikamoo asubuhi ya siku ile ile. Mama yake alikuwa na nyumba kule, na shamba la mpunga, na kaburi la mumewe. Alikuwa na tiketi ya kurudi akishapona.

*

Hakumfokea mumewe. Aliingia chumbani na Debora nyuma yake, akaiweka simu juu ya kompyuta.

Modesti aliitazama picha, akamtazama mkewe. Alichagua kutabasamu. "Sijataja jina."

"Umetaja sura."

"Mama Steven, hii ni kwa ajili ya wasomaji wa nje. Hakuna anayemjua huko. Ingekuwa ni watu wa hapa, nisingethubutu, mimi nina akili zangu. Tazama." Akafungua takwimu, akaonyesha kwa kidole. "Tanzania, kumi na mmoja. Norwe, mia sita na arobaini. Hii haisemi uongo."

"Debora," Bertilla alisema, "funga huo ukurasa kwenye simu yako. Sasa ufungue upya."

Debora akabonyeza. Picha ikashuka polepole, kilemba kwanza, kisha macho.

"Baba Steven, tazama tena takwimu zako."

Modesti akabonyeza. Tanzania ikabaki kumi na mmoja. Norwe ikawa mia sita na arobaini na moja.

"Tena," Bertilla alisema. Debora akafungua tena. Mia sita na arobaini na mbili.

"Kwa hiyo mimi ndiye Norwe?" Debora aliuliza. Hakuna aliyecheka.

Uso wa Modesti ulibadilika taratibu. Alikuwa amewahi kusoma jambo hilo mahali, alisema, akizungumza na meza. Simu ndogo haziwezi kubeba ukurasa mzima, kwa hiyo programu yake inaupitisha kwanza kwenye mashine za huko Norwe, unapunguzwa uzito, ndipo unatumwa. Blogu inaiona mashine. Haimwoni mwenye simu. Alikuwa analijua hilo, na hakulikumbuka, kwa sababu Wanorwe walimpendeza.

"Wajukuu wa wazungu," Bertilla alisema. "Hukuona ajabu, mtu wa kwenye barafu anasoma visa vya Sumbawanga kwa Kiswahili? Ulimdanganya mama yangu kwamba ni picha ya daktari. Amevaa kitenge cha kanisani kwa ajili yako. Ifute."

"Nitaifuta."

"Sasa hivi."

"Nitaifuta kesho. Nipe kesho tu."

Aliitaka kesho kwa sababu alikuwa ameshafikiria Kornel. Bertilla hakuijua sababu mpaka jioni ya pili yake, Modesti aliporudi kutoka sokoni amevaa lile koti, anatembea kwa kuringa na huku anaogopa, mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa mtu.

"Amekubali," alisema. "Nimemweleza habari ya zile mashine. Amesimama kabisa, mama Steven. Anasema kumbe wote hao ni watu wa hapa, wakulima, wanunuzi wake? Tangazo la mwaka mzima. Tutalipa kodi, tutalipa ada ya Steven."

"Kwa masharti gani?"

Modesti akavua koti, akalitundika, akalinyoosha bila sababu. "Ule ukurasa ubaki juu. Wiki chache tu. Ndio unaovuta watu."

Hapo Bertilla alitamani kumpiga na kitu kizito. Niseme wazi kwamba mwiko ulikuwa karibu. Nusu ya mtaa ilikuwa imeacha kula mkononi mwake, mama yake hana pa kurudi, na huyu mwanaume aliyemzalia mtoto amekwenda kuuza aibu hiyo hiyo kwa mwenye duka, amerudi anategemea pongezi. Aliuacha mwiko. Akaenda chumba cha pili, akakaa kitandani kwa mama yake, akamweleza yote kwa Kifipa, bila kupunguza neno.

Bibi Kristiana alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua. Macho yalikuwa yanamtoka machozi kama siku zote, kwa hiyo Bertilla hakuweza kujua kama analia.

"Nilitaka kuyafuta kwanza," alisema mwishowe. "Akanikataza. Akasema niyaache, daktari ayaone."

Kisha akasimama, akashika ukuta, akaenda sebuleni. Tangu binti yake aolewe hakuwahi kukaa kwenye kiti mbele ya mkwe wake. Sasa alivuta kiti, akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana. Modesti akainuka kwa heshima, akabaki amesimama, hajui aende wapi.

"Mkwe," alisema kwa Kiswahili, ili asije akasema hakusikia. "Kitenge changu kimetokea vizuri?"

Modesti akaenda chumbani. Alikaa kwenye kompyuta, akakosea kitufe, akarudia, akaifuta ile picha na maneno yake. Bertilla alisimama nyuma yake mpaka ukurasa ukawa mtupu.

*

Kuifuta hakukusaidia. Kijana mmoja wa mjini, naye mwenye blogu, alikuwa ameshainakili kama zinavyonakiliwa habari zote, akaongeza maandishi mekundu. Kabla wiki haijaisha, tangazo la Kornel la magunia na dawa ya mahindi likaonekana pembeni ya picha ile ile, kwenye blogu ya huyo kijana.

Modesti aliandika upya. Hakuna aliyemshikia kalamu. Aliandika kwamba yule bibi ni mama mkwe wake, anaitwa Kristiana, anaugua vikope, ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na kwamba yeye Modesti alimpiga picha kwa hila na kutunga uongo. Hakujitetea popote. Ilikuwa habari nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Akaipandisha, akasubiri kutwa nzima.

"Wangapi?" Bertilla aliuliza jioni.

"Tisa."

"Norwe?"

"Norwe na Tanzania, wote."

Kwenye uongo walikuwa wamepita elfu moja. Bertilla aliwaza juu ya hao tisa, na hao elfu, na jinsi watu wanavyokuwa wavivu ukweli ukipita mlangoni. Akaichomoa modemu kwa mkono wake, akaiweka kwenye mfuko wa kanga.

"Ichapishe kwenye karatasi," alisema. "Wasomaji wako wako hapa hapa. Tutawafuata."

Walianza na mama Bertha siku ya jumuiya. Bibi Kristiana alikuwa ameshafanyiwa kope, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, ameshikwa mkono na binti yake. Waliingia katikati ya sala. Wengine wakasogeza watoto. Modesti alibaki mlangoni, akasoma kwa sauti ile ya redio, ikakatika kwenye neno mama mkwe, akarudia tangu mwanzo wa sentensi. Alipomaliza, mama Bertha alimwambia asogee, maana amesimama kwenye mwanga. Kisha alimsogezea bibi Kristiana kiti, na benchi zima likabana kumpa nafasi.

Wakaenda saluni, wateja wakamsikiliza vichwa viko kwenye draya, na Debora akalazimika kuzima mashine ili Modesti asome tena. Wakaenda kijiweni kwa bodaboda. Huko kijana mmoja alicheka, akamwita mchawi wa mtandao, na Modesti akaendelea kusoma. Malimi hakucheka. Alishuka kwenye pikipiki, akamwamkia bibi Kristiana shikamoo, akaomba kikombe cha uji ambao siku hiyo haukuwepo.

Mwisho wakaingia dukani kwa Kornel, muda ambao wakulima wamejaa wanagombania magunia. Kornel alipoona karatasi alisema, "Mwalimu, hapa ni biashara, tutaongea baadaye."

"Soma," Bertilla alisema.

Modesti akasoma. Alipofika mwisho, Bertilla akaongeza la kwake, kwamba picha ya mama huyu ingali ipo, na inayoilipia ni dawa ya mahindi mnayonunua hapa. Wakulima wakamtazama bibi aliyefungwa bandeji, kisha wakamtazama Kornel. Mzee mmoja aliyekuwa ameshikilia magunia yake aliyaweka chini polepole, akatoka nje. Wawili wakamfuata. Wengine walibaki kwenye foleni wakaendelea kununua, kwa sababu mahindi yalikuwa uani yanaliwa na wadudu, na Bertilla aliwachukia hao kwa moyo wote mpaka wanafika nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Modesti alikaa sebuleni, sauti imemkauka, karatasi ingali mkononi. Bibi Kristiana alikaa kwenye kiti kile kile. Hakurudi jikoni.

"Mkwe, leo wamekusikia wangapi?"

Modesti alifikiri sura moja moja. "Hamsini hivi, mama. Labda sitini."

"Na walionisoma?"

"Elfu moja na zaidi."

"Wengi wa hao ni wa bondeni kwetu," bibi Kristiana alisema. Alirekebisha bandeji yake kwa kidole. "Kalale. Gari la Muze linaondoka alfajiri."